Kwa Nini Salamu Imepachikwa kwa Lazima

Jumamosi iliyopita Baraka aliniuliza swali huku andazi langu limemjaa mdomoni. "Mama Zuhura," alisema, "programu nzima ya kisanduku ina sehemu moja tu ambapo kompaila amelazimishwa. Ni ile fanksheni ya salamu. Haina maelezo, haina jina la aliyeweka. Profaili inasema karibu haiitwi kabisa. Ukichungulia, ni mtu mmoja tu anayeitumia. Si tuifute?"

Nilimwambia ameze kwanza. Halafu nikawaambia nyote msiguse kitu mpaka niwape jibu, mkaangaliana kwa lile jicho la vijana la kusema bibi huyu naye. Nililiona. Basi jibu nimeamua kuliandika, maana nikilisema kwa mdomo mtanikatiza kabla sijafika katikati, na mimi nikikatizwa huanza upya. Someni taratibu. Chai mtaikuta.

Kwa ninyi wawili mliojiunga na wenzenu juzi, nianzie jikoni. Programu unayoiandika wewe, chipu haiielewi. Kompaila ndiye anayeichukua na kuigeuza iwe maagizo ambayo chipu inaweza kuyatekeleza. Kazi yangu mpaka kustaafu ilikuwa kumtunza huyo kompaila: kumrekebisha, kumwelekeza, na siku nyingine kugombana naye. Marehemu mama yangu kule Kondoa alifariki akiamini natengeneza redio. Alikuwa akiwaambia majirani kwa fahari, nami sikuona sababu ya kumharibia.

Sasa kupachika. Chukua kitabu cha mapishi. Kwenye pilau kimeandika: kaanga vitunguu kama ilivyoelezwa mwisho wa kitabu. Unaacha sufuria, unafungua kule mwisho, unasoma, unarudi. Mara moja si kitu, lakini ukienda na kurudi kwa kila kijiko, pilau litaungua. Mwandishi mwenye huruma atakunakilia yale maelezo ya vitunguu palepale kwenye pilau. Huko ndiko kupachika: fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake moja, badala ya kuitwa kutoka mbali, mwili wake unawekwa palepale inapotakiwa. Ila akinakili kila kitu kila mahali, kitabu kinanenepa mpaka hakitoshi mezani, nawe unaanza kukimbilia stoo kufuata kurasa. Chipu nayo ina meza yake, kumbukumbu ndogo ya karibu iliyo ya haraka, na ina stoo, kumbukumbu ya mbali iliyo ya taratibu. Kinachotumika sana kikae mezani, kisichotumika kiende stoo. Ufundi ni kujua kipi ni kipi.

Na hilo halijulikani kwa kukisia. Unaiwekea programu vihesabio, unawapa watu waitumie, vihesabio vinaandika fanksheni ipi imeitwa mara ngapi. Hiyo ndiyo profaili. Unampa kompaila, naye anaamua.

Aliyenifundisha haya ni Mwalimu Msuya, Mungu amrehemu. Mnajua Wapare wanavyotaniwa kwa ubahili. Yeye hakukataa. Alisema ndugu zake wanabana shilingi, yeye anabana baiti. Kifuko kimoja cha majani ya chai alikitolea vikombe viwili, na cha pili ndicho alichompa mgeni. Lakini ukikwama na kazi, alikuwa anavuta kiti karibu nawe na kukaa mpaka ukwamuke, hata kama ni siku nzima, na hakuhesabu muda huo. Nilimpenda yule mzee. Nasema wazi kwa sababu nilipokuwa naye sikumwambia, na yeye angenijibu niache maneno nirudi kwenye profaili.

Kitu alichokichukia ni ile amri ya lazima. Mnaijua: unamwambia kompaila, hii fanksheni pachika, utake usitake. Kila fundi mpya aliyekuja kwetu aliigundua na kuipenda kama mtoto aliyepata filimbi. Mwalimu alikuwa anaitafuta katika programu zetu na kuifuta. "Kompaila ana hesabu, wewe una hisia," alituambia. "Ukimlazimisha, maana yake umeshindwa kumpa ushahidi. Nenda katafute ushahidi."

Kassim wetu, kijana wa Tanga, mwepesi wa akili na wa ulimi, alijaribu njia nyingine. Kompaila ana kikomo cha kupachika, fanksheni kubwa kupita kiasi fulani haipachikwi. Kassim akakipandisha kile kikomo mpaka juu. Kwenye kompyuta yake kubwa programu iliruka. Akatutangazia ofisi nzima, akaagiza soda. Tulipoiweka kwenye chipu ndogo, ilitambaa. Kitabu kilikuwa kimenenepa hakitoshi mezani. Mwalimu hakumgombeza. Alikwenda jikoni kwetu, akaleta sufuria, birika, ndoo, fagio na mfuko wa mkaa, akavipanga vyote juu ya meza ya Kassim. "Si umetaka kila kitu kikae karibu? Haya, fanya kazi." Kassim alicheka mpaka akakaa chini. Fagio lile alikuwa nalo kwenye meza yake hata alipokuja kuwa mkuu wetu.

Sasa tufike kwenye kisanduku.

Kisanduku kililetwa na Restituta. Huyu ni binti wa Mgeta, huko juu milimani, wa kwanza kutoka kijijini kwao kuingia katika kazi yetu. Alikuwa mkimya, na akishika jambo haliachi. Alitaka kifaa kidogo cha kuweka kwenye banda la kukusanyia mboga, chenye paneli ya jua, kisichohitaji kusoma wala simu ya bei kubwa. Unakisemesha, kinakujibu: kabichi leo mjini bei gani, barabara inapitika au imekatika, lori liko wapi. Mkulima aliyejitwisha tenga la karoti kutoka shambani ajue kabla hajalipandisha kwenye gari kama safari ina maana. Hatukuwa na uwezo wa kumwajiri msomaji, kwa hiyo sauti ya kisanduku ilikuwa ya Restituta mwenyewe. Mwalimu Msuya alichangia muziki. Kikiwashwa asubuhi, kisanduku kilipiga wimbo mfupi alioutunga yeye, noti kwa noti, na kwa kweli haukuwa mzuri. Ilikuwa anasa pekee niliyopata kumwona akiitolea baiti.

Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kule alikuwa baba yake Restituta, Mzee Deogratias. Watu wake walikuwa wamechoka na wageni wenye vifaa. Walishaletewa hiki na kile, wakapigwa picha, kifaa kikafa, mgeni hakuonekana tena. Kwa hiyo siku kisanduku kilipofika, Mzee Deo alisimama nje ya kanisa baada ya misa, watu hawajatawanyika, akasema maneno ambayo Restituta alitusimulia mara nyingi. "Hiki kimetengenezwa na mwanangu. Hakitamdharau mtu. Kikimdharau mtu hata mmoja, basi mimi ndiye niliyewadharau, na uenyekiti nauacha."

Mzee wa Kiluguru akitoa neno mbele ya kanisa, hawezi kulirudisha mfukoni.

Kabla ya kukipeleka tulitaka kiwe chepesi, kwa hiyo tukakusanya profaili. Wapi? Mazimbu, chuoni, hapahapa Morogoro, kwa sababu ni karibu na wanafunzi hawakosekani. Kassim alikiweka nje ya bwalo wakati wa chakula cha mchana, kikiwa na vihesabio vyake, na wanafunzi wakajipanga. Mnajijua mlivyo. "Bei ya kabichi?" "Nyanya?" "Lori liko wapi?" Restituta aliwaelekeza waseme moja kwa moja, wasimeze maneno. Tulipata profaili safi, inapendeza kuitazama. Fanksheni za bei na lori zilikuwa juu kabisa. Fanksheni ya salamu, iliyokuwa inalinganisha kila kipande cha sauti na salamu tulizokifundisha, ilikuwa chini, karibu haikuguswa. Kompaila akafanya kazi yake kwa uaminifu: bei na lori akazipachika mezani, salamu akaibana iwe ndogo na kuipeleka stoo, mwisho kabisa. Pale ofisini kisanduku kilikuwa kinakujibu hujafunga mdomo. Mwalimu mwenyewe alisema, "Hapo sawa," na kwake hizo zilikuwa sifa nyingi.

Huko juu kikawa bubu.

Hakikuharibika. Ukikiuliza kilikaa kimya muda mrefu, watu wakaondoka, halafu kikajibu banda likiwa tupu. Watu wakaanza kusema kinanuna. Wengine wakasema kinachagua wa kumjibu. Mzee Deo alimpigia Restituta simu tukiwa tumekaa wote, akaiweka tusikie.

"Mwanangu," mzee alisema baada ya kuulizana hali, "hiki kisanduku kina sauti yako lakini hakina adabu yako."

"Kimefanya nini, baba?"

"Kinamwacha mtu mzima amesimama. Jana kimemwacha Bibi Kamila mpaka akaona haya. Kikundi kinakaa Jumapili. Mimi nilishasema neno langu, na wewe unajua nilisema nini."

Restituta alikata simu, akaenda kunawa uso kwenye bomba la uani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na hakuna aliyethubutu kumtania. Si kisanduku tu ambacho kingerudishwa mjini. Ni neno la baba yake.

Tukaingia kazini. Kassim alisema kikomo kipandishwe kidogo tu. Mimi nilisema kishushwe. Tulikipandisha, tukakishusha, tukabadilisha mpangilio wa fanksheni mezani, na kila tulipojaribu pale ofisini kisanduku kilijibu haraka. Nikikiuliza bei, kinajibu. Kassim akikiuliza lori, kinajibu. Kifaa kinachougua kijijini na kupona kikifika kwa daktari kinaweza kukutia wazimu. Mwalimu Msuya alitutazama tunavyobishana, akanywa chai yake ya mkupuo wa pili, akauliza jambo moja.

"Viatu mlivyoshona, mguu mlipima wa nani?"

Akasema, "Mkaa bure si sawa na mwenda bure. Kesho tunapanda."

Tulipanda na pikapu iliyokuwa inarudi kuchukua mboga, Mwalimu mbele na dereva, mimi, Restituta na Kassim nyuma tumejifunika turubai. Baada ya Mlali njia inaanza kujizungusha, na Kassim, ambaye viatu vyake vilikuwa vya harusini, akaanza kusoma dua kila kona. Ukungu ulikuwa chini. Mzee Deo alitupokea na magimbi na chai ya rangi, akatuuliza habari za nyumbani kwetu mmoja mmoja, na habari za barabara, na habari za wazazi wetu walio hai na waliotangulia, kabla hajasema neno lolote kuhusu kisanduku. Tulikuwa tumekaa pale kwa muda wa kutosha chai kupoa. Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, mimi nikadhani ni baridi.

Halafu tukaenda bandani, tukakaa pembeni, tukatazama.

Akaja Bibi Kamila, yule yule aliyeaibishwa. Alitua tenga la kabichi, akafunga vizuri kanga yake, akajipangusa mikono. Akasimama mbele ya kisanduku kama mtu aliyesimama mlangoni kwa watu.

"Hodi," alisema. "Tumsifu Yesu Kristo."

Akangoja.

Kisanduku kikanyamaza. Ndani yake, najua sasa, kilikuwa kinakimbia stoo na kurudi, stoo na kurudi, kwa kila kipande cha sauti yake, kikilinganisha na kila salamu tuliyokifundisha, na salamu hiyo haikuwemo. Mimi ni Mwislamu, Mwalimu ni Msabato, Kassim ndiyo usiseme, na Restituta aliyekuwa anaijua tangu tumboni hakuwaza kama mtu atakipa kisanduku salamu ya Kikatoliki. Bibi alingoja jibu, maana salamu isiyojibiwa huwezi kuiruka uende kwenye shida yako. Hiyo si tabia ya watu. Baadaye akajaribu kwa upole zaidi. "Habari za Moro? Wazima huko?" Kisanduku kikaanza upya safari zake za stoo. Kabichi hazikutajwa kabisa.

Nilimgeukia Restituta. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, sikujua kama analia au anacheka. Vilikuwa vyote viwili. "Mama Zuhura," aliniambia, "mimi mtoto wa huku. Niliwaambia wale wanafunzi waseme moja kwa moja. Hapa nani anasema moja kwa moja?"

Mwalimu Msuya aliinuka, akaenda kwa Bibi Kamila, akavua kofia. "Milele na milele, amina," alimwitikia, yeye Msabato, kwa niaba ya mashine. "Moro ni wazima, bibi. Tusamehe tumechelewa kujibu." Bibi akacheka, akamwuliza sasa kabichi bei gani, na Mwalimu alikuwa hajui.

Siku mbili zilizofuata tulikusanya profaili upya palepale bandani. Wazee wakaja, kina mama wakaja, kila mmoja na hodi yake, na habari zake za mvua na watoto, na bei mwishoni kabisa, karibu kwa kuomba radhi. Restituta alikaa chumbani kwa wazazi wake, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele za kuku, akarekodi majibu yaliyokosekana. Mzee Deo akaongeza sharti lake. "Hicho ni kitoto, tena kigeni. Kikimsikia mtu amepiga hodi, kianze chenyewe kusema shikamoo." Likawekwa.

Tulipompa kompaila profaili ya milimani, hakuna aliyemlazimisha. Aliona mwenyewe. Salamu ilikuwa imeitwa kuliko kitu kingine chochote, akaichukua stoo na kuipachika katikati ya meza, na lori akalisogeza pembeni. Kikomo tulikiacha kama kilivyokuwa tangu mwanzo. Mabishano yetu yote ya ofisini yalikuwa juu ya kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Jumapili kikundi kilikaa. Mzee Deo alimwomba Bibi Kamila aende mbele, kwa kuwa ndiye aliyedharauliwa. Alikwenda shingo upande. "Hodi," alisema, na hapohapo sauti ya Restituta ikamjibu, "Karibu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Habari za nyumbani?"

Bibi akawageukia wenzake, akakigeukia kisanduku, akaanza kukisimulia habari za mguu wake unaomsumbua. Alirudi kukaa bila kuuliza bei ya kitu chochote. Mzee Deo alibaki mwenyekiti, na alitazama chini muda mrefu ili tusiuone uso wake. Restituta alimwona. Mimi pia nilimwona.

Mngetaka niishie hapo, kwa sababu ni pazuri. Lakini hapo bado hatujafika kwenye swali la Baraka, maana nimewaambia hakuna aliyelazimisha kitu.

Profaili inazeeka. Mwalimu alitufundisha kuikusanya upya kila baada ya masika, kwa kuwa watu hawakai mahali pamoja. Na kweli. Miaka ikaenda, wazee wakapungua, Bibi Kamila akafariki, mashamba yakashikwa na watoto wao. Hao wamezaliwa na simu mkononi. Wanafika bandani wamevaa vizibo vya masikio, wanasema "karoti", wanajibiwa, wanaondoka. Siwalaumu, wana haraka zao. Kila mwaka salamu ikawa inashuka kwenye profaili. Restituta, ambaye wakati huo ndiye aliyesimamia visanduku vyote, aliiona ikishuka, akaiacha. Hatimaye mwaka mmoja kompaila, kwa uaminifu wake uleule, akaiondoa mezani, akairudisha stoo. Vipimo vyote vikapendeza. Karoti ikawa inajibiwa haraka kuliko wakati wowote.

Restituta akapanda nyumbani kusalimia wazazi. Mzee Deo alikuwa ameshaacha kulima, miguu haikumruhusu, na uenyekiti alishampa mwingine kwa hiari. Lakini kila asubuhi alikwenda bandani na fimbo yake. Restituta alimfuata kwa nyuma bila mzee kujua. Akamwona amesimama mbele ya kisanduku, kofia mkononi.

"Hodi. Tumsifu Yesu Kristo."

Kimya. Vijana wawili nyuma yake wakangoja, mmoja akatazama simu yake. Mzee alingoja pia. Halafu akavaa kofia, akawapisha, akajiondokea. Alipofika nyumbani akamwambia mkewe, na Restituta alikuwa mlangoni akisikia, "Siku hizi hakinijibu. Labda kuna jambo nimekikosea."

Restituta alituletea habari hiyo ofisini Jumatatu. Alijaribu kuieleza kama tatizo la kazi, kwa lugha ya kazi, lakini akashindwa kufika mwisho. Mwalimu Msuya alikuwa katika wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu, makabrasha yake yako kwenye boksi. Kassim, mkuu wetu sasa, alisema kwa upole ukweli ambao sote tuliujua: hesabu hazimtetei mzee. Salamu kuirudisha mezani ni lazima kitu kingine kitoke, na vyote vilivyokuwepo vinatumiwa na watu wengi. "Ni mtu mmoja tu," alisema. Baraka, ni maneno yako hayohayo, na aliyeyasema alikuwa anampenda yule mzee kuliko wewe unavyoweza kujua.

Mwalimu aliuliza, "Yule mzee alisemaje siku ile kanisani?"

Restituta akamwambia. Kikimdharau mtu hata mmoja.

"Hata mmoja," Mwalimu alisema.

Akavuta kiti. Akafungua programu, na huyu ndiye mtu aliyefuta amri ya lazima katika kazi za watu wote niliowahi kufanya nao. Akaiandika. Fanksheni ya salamu, pachika, utake usitake. Kompaila akalalamika kwamba nafasi haitoshi. Mwalimu akashuka mpaka kwenye ule wimbo wake, wa kuwashia kisanduku asubuhi, noti kwa noti, akautazama kidogo, akaufuta wote. Nafasi ikatosha.

Mimi nilimwambia aandike maelezo pembeni, ili watakaokuja wajue sababu. Akakataa. "Niandike nini? Jina lake? Mtu hawekewi alama kwa sababu anajua kusalimia. Heshima si utumwa, Zuhura, na wala si kituko cha kuandikiwa. Watakaokuja wakitaka kujua, wataulizia." Akafunga boksi lake, akaniambia chai ya siku ile niinywe kikombe cha kwanza mimi.

Basi mmeulizia. Yeye hayupo, ndiyo maana nimejibu mimi.

Jambo moja la kazi nililibakiza, na hili mtalitumia kwenye programu nyingine hata msipokuja kuiona Mgeta maisha yenu. Profaili itawaambia watu wanafanya nini. Iaminini, inajua kuliko ninyi. Lakini haijui ni ahadi gani mliwapa watu hao, wala nani aliitoa, na mbele ya nani. Hilo ni la kwenu kulijua, na mkiandika lazima, iwe kwa sababu ya namna hiyo, na mtoe cha kwenu kuipisha.

Mzee Deo yupo. Ameshazeeka sana, sasa anashikwa mkono kwenda bandani, lakini anakwenda. Anapiga hodi, sauti ya binti yake inamwambia karibu, shikamoo, naye anaitikia marahaba na kurudi nyumbani kunywa uji. Hana karoti za kuuza. Vihesabio vyenu vinapoonyesha ile namba ndogo kila asubuhi, ndiye huyo.

Kwa hiyo ulisema kweli, Baraka. Ni mtu mmoja tu. Sasa unamjua.